Wazee Wanaonuka Nepi

Msomaji, wiki nzima umesimama mlangoni kwa Nthoki, mguu mmoja ndani na mwingine nje, na najua umechoka. Haya, ingia.

Mzee Gichuru naye alikuwa bado pale pale kizingitini, nyumba ya mwisho karibu na mfereji, lile bomba la maji la wote, mtaani Jericho, amevaa koti la Jumapili ingawa ilikuwa Ijumaa, saa nane na nusu mchana. Mkono wa kulia ulishika kofia. Wa kushoto ulishika daftari la bluu, lile lile ambalo Nthoki alikuwa amelitafuta tangu alfajiri chini ya kitanda, juu ya kabati, ndani ya debe la unga na hata ndani ya nguo za mtoto.

Akalifungua mahali palipokunjwa ncha na kusoma kama karani wa korti.

"'Wazee wamelala, lakini siku yao iko karibu. Harufu yao hutangulia, nayo ni kama harufu ya nepi iliyosahauliwa siku tatu ndani ya karai.'"

Akalifunga.

"Mama Ndindi, hawa wazee ni akina nani?"

Lilikuwa swali la haki, ukikumbuka kwamba Mzee Gichuru ndiye mwenyekiti wa wazee wa kanisa. Tena ukikumbuka kwamba mwezi uliopita wazee watatu walilala katikati ya mahubiri, na mmoja akakoroma mpaka mhubiri akanyamaza kumpisha. Jericho nzima ilicheka kuanzia sokoni hadi kituo cha basi. Sasa hili daftari.

Nthoki alijaribu kueleza kwamba hao si wazee wa kanisa, bali ni wazee wa kitabuni, wakubwa kuliko kilima, waliolala chini ya ziwa la chumvi tangu kabla ya nyota. Kadiri alivyoeleza ndivyo mambo yalivyozidi kuharibika. Mzee Gichuru alimjulisha kwamba daftari lilikutwa jana mferejini na mama mmoja wa ushirika, kwamba huyo mama alisoma kurasa mbili akashindwa kula, na kwamba baraza limekwisha kukaa ukumbini na linamngoja.

"Mzee, hilo daftari linatakiwa mjini kabla ya saa kumi na moja leo. Likichelewa, basi."

"Litakwenda pale baraza litakapoamua," akasema Mzee Gichuru, na akavaa kofia.

Kama umejiunga nasi leo, nikueleze upesi tukiwa njiani. Nthoki ana miaka ishirini na mitatu. Mchana hufunga biskuti kwenye katoni kiwandani, ingawa leo ameomba ruhusa, jioni husoma darasa la jioni katika ukumbi wa kanisa, na mumewe Muindi huendesha lori la Mombasa, kwa hiyo huonekana nyumbani mara mbili kwa mwezi, amelala. Kuna binti yao, Ndindi, wa miezi minane, anayewalilia watu wote duniani isipokuwa wawili. Halafu kuna Kitabu Cheusi.

Kitabu Cheusi alikipata kwa Wehliye mwenye duka, ambaye, ili apate karatasi za kufungia sukari, alinunua sanduku la vitabu vya Mzungu aliyehama. Hiki kilimshinda. Karatasi zake zilikuwa nyembamba mno, sukari ikitoboa. Akampa Nthoki bure. Ndani mlikuwa na hadithi arobaini na moja za Kiingereza za mtu mmoja aliyekufa zamani, zilizokusanywa zote pamoja kwa mara ya kwanza, kila moja ikiogofya kuliko mwenzake, na zote zikisema jambo lile lile: huko juu na huko chini kuna vitu vikubwa, vya kale, na havina habari nasi.

Ungetegemea mama mwenye mtoto mchanga akitupe. Yeye alianza kukitafsiri, kwa hadithi iliyo ndefu kuliko zote.

Kila jioni kabla ya darasa, akifua nepi mferejini, aliwasomea kina mama kile alichoandika usiku uliopita. Wakawa wanakuja na nguo zilizokwisha kufuliwa, wazifue tena. Ndipo likatokea tangazo gazetini, naye akawasomea hilo pia: wachapishaji mjini wanataka hadithi ndefu iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na mshindi, pamoja na kuchapishwa, atapewa kiti na meza ofisini kwao awe mfasiri. Kiti na meza! Nthoki alikuwa amesimama miaka minne mbele ya biskuti. Kina mama walipiga vigelegele siku hiyo kana kwamba amekwisha kukikalia.

Siku ya mwisho ilikuwa leo.

*

Ukumbini wazee sita walikuwa wamejipanga nyuma ya meza ndefu, chini ya kalenda ya 1979. Nthoki aliketi kwenye benchi mbele yao, Ndindi mgongoni, kiondo miguuni. Mtoto aliangalia zile sura sita akaanza kukunja uso, mdomo ukipinda polepole, na kila mama anajua kinachofuata.

Hakikufuata. Kona ya mbali Perez alikuwa anapiga deki, na Perez alimtolea ulimi. Ndindi akacheka kicheko kile cha tumboni anachompa Perez peke yake baada ya mama yake.

Perez ndiye mtunza ukumbi. Ni mwanamke mnene, mpole, anayenuka daima tambara bichi, naye ni mwanafunzi wa Nthoki. Kila Jumanne Nthoki hushika chaki katika darasa la watu wazima, lile wanaloliita ngumbaru, na Perez hukaa benchi la mbele, karibu kabisa. Miezi sita sasa. Herufi anazijua kwa sura, lakini akiitwa ubaoni husema mkono wake ni wa deki, si wa kalamu, kisha huandika jina lake na kurudi kukaa. Siku moja aliombwa aandike neno "wewe". Hizo "w" zake zilikuwa na meno matatu zaidi, kama msumeno. Darasa lilicheka, naye akacheka kuliko wote.

Nthoki alitoa Kitabu Cheusi kwenye kiondo na kukiweka mezani kama ushahidi. Hapo ndipo mambo yalipopinduka, na kosa halikuwa la mtu yeyote.

Kitabu hicho kina jalada jeusi. Kina kurasa nyembamba zenye kingo za dhahabu na utepe mwekundu katikati. Mezani palikuwa na kitu kingine cha namna hiyo hiyo.

Mzee Gichuru alisimama kufungua kikao. Nawe ujue kwamba huyu ndiye mkalimani wa kanisa. Mhubiri mgeni akija kutoka ng'ambo, Mzee Gichuru husimama kando yake na kugeuza Kiingereza kabla hakijapoa. Anajivunia kazi hiyo kuliko koti lake. Hata Biblia yake ni ya Kiingereza, na kila kikao huifungua penye utepe, akasoma kimoyomoyo na kutamka kwa Kiswahili. Alivaa miwani, akanyoosha mkono bila kutazama, akafungua penye utepe.

"'Kabla mwanga haujapata njia ya kupita, wao walikuwako,'" akatamka.

"Amina," wakajibu wazee.

"'Hakuna aliyewaita, wala hakuna atakayewafukuza.'"

"Amina."

"'Milima kwao ni vumbi la viatu, na vizazi vya wanadamu ni kama kupepesa jicho.'"

"Amina, amina," akasema Mzee Mativo, mwendeshaji wa gari la mkate, na akatoa leso kujifuta macho.

Nthoki aliitambua mistari hiyo. Ungemkatiza vipi mzee katikati ya neno?

"'Nao wazee wamelala chini ya ziwa la chumvi, na mikono yao mia imefumbata...'"

Mzee Gichuru alisogeza miwani. Alirudi nyuma mstari mmoja. Akainua jalada akalitazama. Deki la Perez lilikuwa limesimama.

"Mikono mia," akasema Mzee Mativo, bado na leso. "Hiyo ni Ufunuo?"

"Danieli," akanong'ona mwenzake.

"Mzee," akasema Nthoki kwa sauti ya kumbembeleza mtoto, "hicho ni kitabu changu. Na lile neno umelitamka wewe, mimi nikisikia."

"Neno gani?"

"Wazee."

Mzee Gichuru alirudia ule mstari kwa kidole. Ungeona midomo yake ikijaribu neno hili na neno lile, akitafuta mlango mwingine wa kutokea, lakini mkalimani ni mkalimani, na Kiingereza kilikuwa kimekaa pale kinamtazama.

"Ndivyo kinavyosema," akakiri. Kisha akakumbuka. "Na nepi? Nepi haimo. Hapa wanasema harufu ya chini ya bahari maji yakikauka."

Nthoki akamwambia kwamba chini ya bahari yeye hajawahi kufika, wala hakuna aliyefika pale mferejini. Lakini hakuna mtu Jericho ambaye hajawahi kufunua karai la siku tatu. Alitaka waisikie hiyo harufu puani, si masikioni.

Wazee walitazamana. Mzee Gichuru alivua miwani, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana kama mtu aliyekutana na wa kwao. Akawasimulia jinsi mhubiri mmoja wa nchi za baridi alivyohubiri saa nzima juu ya theluji, watu wamekodoa macho, na yeye akaamua kusema ni mvua ya mawe iliyosagwa kama unga. Watu waliitikia. Mhubiri alidhani ni upako.

"Mama huyu hana kosa," akatangaza. "Apewe daftari."

Nthoki alikuwa amekwisha kulishika wakati aliposikia ile "lakini".

Lakini, akaendelea Mzee Gichuru, kitabu kikichapishwa kitasomwa. Kikisomwa, kila Jumapili wazee wakiingia kanisani watu watavuta pumzi kuona kama wananuka nepi. Vijana wa kwaya ndio hawatasamehe kabisa. Kwa hiyo hilo neno litoke, lote, kila mahali, au baraza haliwezi kulitoa daftari ukumbini humu. Na wengine watano wakatikisa vichwa kwa pamoja, hata aliyekoroma.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na dakika thelathini na tano.

*

Wewe ungetia neno gani?

Mzee mmoja alisema waitwe mashetani, yaishe. Mzee Gichuru ndiye aliyekataa. Shetani, alisema, anakujua jina lako, anakutaka, anakukesha. Hawa hawakutaki. Hawajui kama upo. Alilisema hilo halafu akakaa, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo.

Majini? Nthoki alikuwa amemwuliza Wehliye kitambo, na Wehliye alimjibu kwamba jini ana sheria zake, akiambiwa toka hutoka. Majitu? Majitu ni ya watoto, sungura huyadanganya. Mizimu? Mzee wa mwisho mezani aliuliza kwa uchungu kama wanamaanisha bibi yake, maana bibi yake alikuwa na mikono miwili tu na hakumdhuru mtu.

"Waite wageni," akasema Mzee Mativo. "Wametoka mbali, si ndiyo?"

Nthoki alitikisa kichwa. "Mgeni hukukuta, Mzee. Hawa ndio tuliowakuta. Wageni ni sisi."

Pale mezani kila mtu alikuwa ametoka Murang'a au Machakos, akapewa na baraza la jiji vyumba viwili na namba ya mlango, na hata yule aliyekaa miaka ishirini bado akiulizwa kwao ni wapi hataji Jericho. Walitazama sakafu. Sakafu ilikuwa imelowa, inang'aa, na kwa jinsi mwanga wa dirishani ulivyoangukia, ilionekana kama ina kina.

Nje zikasikika hatua. Nyingi. Zilikuja zikaishia mlangoni, zikanyamaza.

Perez alitoka kutazama. Alirudi akasimama katikati ya ukumbi na deki lake.

"Wazee, kusanyeni vitu vyenu," akasema. "Wenyewe wamefika."

Msomaji, mimi sikuwapo, lakini nimeambiwa kwamba Mzee Mativo aliinua miguu yote miwili kutoka sakafuni, polepole, bila kujua anaiinua. Mzee wa mwisho alishika Biblia, safari hii ile ya kweli. Mzee Gichuru alibaki mdomo wazi. Sita hao walisikia neno wanalolisikia kila siku ya Mungu, nalo likawatembea mgongoni kwa miguu ya baridi.

Kwaya ikapiga mlango. "Niaje, tuingie ama?" akaita kijana mmoja, na wazee wakapumua.

Ilikuwa saa kumi, zamu ya kwaya. Basi.

Lakini Nthoki alikuwa amefunga macho. Wenyewe. Alilionja. Wenyewe wamelala. Wenyewe wataamka. Siku ya Wenyewe iko karibu. Angalia lilivyoingia: hakuna kitendo cha kubadilishwa, hakuna "wa" ya kugeuzwa, neno moja linatoka, neno moja linakaa, na sentensi haijui kwamba imeibiwa. Na bado imekuwa sentensi nyingine kabisa. Wazee unaweza kuwacheka. Wenyewe wakirudi, unafanya nini? Unakusanya vitu.

"Ni hilo," akasema.

"Ni hilo," akasema Mzee Gichuru, na akalisema kwa wivu.

"Nimesema nini mimi?" akauliza Perez. Uso wake ulikuwa umebadilika kuliko jambo lenyewe lilivyostahili. Nthoki alimgeukia kumshukuru, Perez akainamia ndoo yake haraka, akaanza kukamua tambara lililokwisha kukamuliwa. Nthoki aliliona hilo. Hakuwa na nafasi ya kuliwaza.

*

Kama ulipita nyuma ya ukumbi ule saa kumi na dakika tano, uliona kitu ambacho hutakiona tena. Wazee sita wa kanisa wameketi barazani, kila mmoja na kurasa kumi za daftari lililofunguliwa pini, kila mmoja na kalamu, wanajifuta kitabuni. Mahali mia moja na kumi na tatu. Kwaya ndani ilikuwa inafanya mazoezi ya wimbo wa furaha, na wazee nje walikuwa wananong'ona kwa mapigo yale yale: Wazee, Wenyewe. Wazee, Wenyewe.

Mzee Mativo alifanya kwa bidii kupita kiasi. Alipofika pale binti wa hadithi anapowaamkia wazee wa kijiji chake, akawageuza hao nao, na kijiji kikapata maafa ambayo mwandishi hakuyapanga. Ikabidi kurudishwa. Mzee Gichuru alisahihisha vituo viwili bila kuombwa, akashika ukurasa wa mwisho akauinua juani, akauliza kwa sauti ya kutojali yule binti anapona au haponi.

"Utanunua kitabu, Mzee," akasema Nthoki.

Alikuwa anacheka. Ndindi, amekaa chini kwenye leso ya mama yake, aliwalilia wazee wote sita kwa zamu, na hakuna aliyejali. Nthoki akainua kichwa kumwita Perez amshike kidogo. Ndoo ilikuwa mlangoni, deki limeegemea ukuta. Perez hakuwapo. Kijana wa kwaya akasema amemwona akivua aproni na kuondoka mbio, bila kufunga hata stoo.

Nthoki alisema moyoni huenda anaumwa. Kabla kidogo ya saa kumi na nusu pini zilirudishwa, na Mzee Mativo alikuwa amewasha gari la mkate.

Sitakuchosha na safari. Nitakwambia tu kwamba Nthoki alifika mjini amekaa kati ya trei mbili tupu, mtoto mapajani, makombo ya mkate kwenye nywele, daftari kifuani ndani ya blauzi. Njia nzima Mzee Mativo alikuwa akiuliza kama Wenyewe wanaweza kuja hata kwenye maji ya mfereji, maana yeye hunywa. Akamshusha mbele ya jengo saa kumi na dakika hamsini na moja. Orofa ya tatu. Nthoki alimfunga mtoto mgongoni, akapanda ngazi mbili mbili.

Bi Annah, mhariri, alikuwa amekwisha kuweka mkoba begani. Mwanamke mkavu wa umbo, mwenye kalamu ndani ya nywele. Alimtazama huyu mama mwenye makombo, akatazama saa, akatabasamu kidogo na kuushusha mkoba.

"Umenusurika. Lete."

Alisoma akiwa amesimama. Ukurasa wa kwanza. Wa pili. Akavuta kiti bila kutazama, akakaa. Nthoki, ambaye kwa miaka minne ameangalia nyuso za wasimamizi, aliujua uso wa mtu aliyefurahi, na aliruhusu moyo wake, kwa mara ya kwanza, kutazama ile meza tupu kando ya dirisha. Ilikuwa na kiti. Kiti kilikuwa na mto.

Kisha tabasamu la Bi Annah likafa.

Alirudi ukurasa wa kwanza. Akafungua droo, akatoa daftari lingine, la kijani, lililovimba kwa unyevu. Akaliweka kando ya la bluu na kulisoma kwa sauti.

"'Wenyewe wamelala, lakini siku yao iko karibu. Harufu yao hutangulia, nayo ni kama harufu ya nepi iliyosahauliwa siku tatu ndani ya karai.'"

Nthoki alishika ukingo wa meza.

"Hilo limeletwa lini?"

"Nililikuta chini ya mlango nikifungua ofisi, nikalipitia juu juu tu. Saa mbili asubuhi."

Saa mbili asubuhi. Neno Wenyewe lilikuwa limezaliwa saa kumi alasiri, mbele ya macho yake na ya wazee sita, kwenye sakafu iliyolowa. Kwa dakika moja, msomaji, Nthoki aliamini kila ukurasa wa Kitabu Cheusi. Aliona jambo kubwa, la kale, lisilo na haraka, limekaa nje ya saa na siku, likiandika kabla yake kile atakachoandika.

Halafu daftari likamfikia puani. Lilinuka tambara bichi.

Alilivuta kwake. Mwandiko ulikuwa mkubwa, umelala upande, kila herufi imekandamizwa mpaka karatasi imetokeza nyuma. Na kila "w" ilikuwa na meno matatu zaidi, kama msumeno. Kurasa sitini za misumeno. Kwenye jalada, mahali pa jina la mwandishi, paliandikwa: Mimi mwenyewe.

Jioni zote zile mferejini. Perez ameegemea ufagio, nyuma ya kina mama wote, hasemi kitu, anasikiliza, anarudi stoo na kuyaandika kabla hayajapoa. Na pale aliposahau neno, au pale neno halikumtosha, akaweka lake.

Nthoki alitaka kupiga kelele kwamba ameibiwa. Alitaka pia, na hili ndilo lililomshangaza, kumshika Bi Annah mkono na kumwambia: tazama, huyu miezi sita iliyopita alikuwa haijui "a", tazama, kurasa sitini. Hadithi alikuwa ameitafsiri yeye, neno kwa neno, akinyonyesha. Lakini lile neno moja lililoifanya hadithi isimame kwa miguu yake, ambalo lilikuwa sasa kwenye daftari lake mara mia moja na kumi na tatu kwa mkono wa wazee, hilo lilikuwa la nani?

Bi Annah alitazama saa. Dakika tatu. Alieleza kwa upole, kama anayesoma sheria asiyoipenda, kwamba kazi mbili zinazofanana zote hutupwa, isipokuwa ijulikane ni ya nani kabla ya kufunga. Baada ya hapo yeye hana la kufanya. Aliyaweka madaftari mawili sambamba na kuvuta kalamu kutoka kwenye nywele.

"Niambie, mama. Mwenyewe ni nani?"

Nthoki alivuta pumzi ajibu.

Chini kwenye ngazi, hatua zilikuwa zinapanda. Nzito, za mtu aliyekimbia mbali na hajui kama aendelee au arudi. Zilifika orofa ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Zikasimama nje ya mlango uliofungwa, na hakuna aliyepiga hodi.

Ndindi, anayewalilia watu wote duniani isipokuwa wawili, akageuka mgongoni mwa mama yake, akautazama ule mlango, akacheka.